Deilili nyeupe Houston: uzoefu wangu na Joan Senior, na kutu yake

Ukiishi kusini mwa Marekani na ukatafuta deilili nyeupe (deilili ni mmea wa maua ya bustani, kwa Kiingereza daylily), jina la kwanza utakalotajiwa karibu kila mahali ni Joan Senior. Ninayo bustanini hapa Houston, nimeshaigawa ikazaa mafungu mengine, na ninaitumia kuzalisha miche. Ua lake nalipenda sana. Majani yake siyaamini hata kidogo.

Sifa zake ni za kweli. Ilisajiliwa mwaka 1977 na Durio, mzalishaji wa deilili wa Louisiana, kwa hiyo joto na unyevu wa huku si vitu vigeni kwake. Ua lina upana wa kama sentimita 15, na koo lake, yaani sehemu ya ndani katikati ya ua, ni la kijani cha ndimu. Deilili nyeupe pepe bado haipo. Hata kwenye usajili huandikwa "karibu nyeupe", lakini ukiitazama Joan Senior asubuhi kabla jua halijawa kali, weupe wake unatosha kabisa. Kila ua huishi siku moja tu, ila shina hubeba vitumba vingi, na baada ya mzunguko wa kwanza hutoa mashina mengine. Bei yake pia ni nafuu kwa sababu imeenea.

Tatizo ni kutu, ugonjwa wa majani unaoletwa na kuvu. Kuvu wake, Puccinia hemerocallidis, ni jamaa wa kuvu wa kutu ya ngano, na aligunduliwa Marekani mwaka 2000. Kwenye majimbo ya baridi kali majani hukauka yote na kutu huishia hapo. Joan Senior haipukutishi majani, na baridi ya Houston ni ndogo, kwa hiyo ugonjwa huvuka mwaka bila shida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia walipozijaribu aina nyingi, hii iliangukia kundi la zinazoshambuliwa vibaya. Ndivyo ilivyo kwangu. Joto kali la kiangazi huipunguza kutu kidogo, lakini vuli ikiingia na umande ukikaa kwenye majani, vipele vya rangi ya chungwa hujaa upande wa chini. Futa jani kwa karatasi nyeupe laini: ikitoka na unga wa manjano, hiyo ni kutu, wala si madoa ya kawaida ya majani.

Ndiyo maana nawasihi wanunuzi wasichague kwa picha ya ua. Nenda ukaione mimea vuli, geuza majani, na muulize muuzaji kama anapulizia dawa ya kuvu. Mmea uliotunzwa kwa dawa huonekana safi dukani, kisha ukifika kwako bila dawa ndipo utaijua hali yake. Kumbuka pia kwamba kuvu wa kutu ana makundi mbalimbali, na kila kundi hushambulia deilili tofauti. Deilili inayostahimili kutu Florida inaweza kuugua Texas.

Kwenye uzalishaji ndiko Joan Senior inakonivutia zaidi. Ni diploidi, yaani ina seti mbili za kromosomu (vibeba urithi), jumla 22, kwa hiyo itafute mwenzi wa diploidi. Ukiipandisha na tetraploidi, yenye seti nne, jumla 44, usitegemee mbegu. Mimi niliichanganya na Mini Pearl, deilili fupi ya waridi hafifu ambayo majaribio yaleyale ya Georgia yaliiweka upande wa zinazostahimili. Chavua huipaka asubuhi, maua yakiwa yamekauka umande. Kizazi cha kwanza kilitoka krimu na waridi hafifu, na weupe wa mama ukafifia. Hilo halikunivunja moyo, kwa sababu nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kwenye majani.

Miche hii siipulizii dawa hata kidogo, na naipanda katikati ya mafungu ya Joan Senior yenye kutu ili kila mche uonje ugonjwa. Unaochakaa naung'oa hata kama ua lake ni la kupendeza. Kuuhurumia ni kuirithisha kutu. Iliyobaki safi ni michache, nayo ndiyo ninayoirudisha kwa Joan Senior kutafuta weupe tena.

Kwa anayeishi kaskazini, inunue tu. Kwa wa huku kusini asiyetaka kupulizia dawa, Joan Senior iwe mzazi wa miche yako, isiwe tuta zima mbele ya nyumba.