Jezi nyeusi ya Arsenal: mshono nimeukubali, bei siwezi kuitetea

Mimi ni fundi cherehani, banda langu liko Tandika, Dar es Salaam, na siku hizi kazi inayoniweka mjini ni jezi za timu za mtaani na nguo za michezo za shule. Nikishika jezi, kabla ya kutazama nembo naigeuza ndani nje. Vijana wa hapa bandani walinicheka nilipoletewa ile nyeusi ya ugenini ya Arsenal, ya msimu wa 2024/25. Wao walitaka niivae tupige picha, mimi nishawasha taa ya cherehani naangalia makwapa.

Nianze na bei, maana ndipo kelele zilipo. Ilipotoka Julai 2024, ile ya mashabiki iliuzwa pauni 80 huko Uingereza. Kwa hela yetu ni zaidi ya shilingi 250,000, na hapo hujamlipa wa kukuletea. Ile inayofanana kabisa na ya wachezaji inapita pauni 100. Ukitaka jina na namba mgongoni, unaongeza tena. Yangu ilinunuliwa na mtoto wa dada yangu anayeishi Reading, Uingereza, msimu ukielekea ukingoni, maduka yakiwa yameshapunguza bei, akaja nayo kwenye begi alipokuja likizo. Kwa bei ya Julai nisingeigusa. Laki mbili na nusu kwangu ni kodi ya banda, umeme, na maboksi ya uzi yanabaki.

Sasa muonekano. Hapa sina ubishi na mtu, ni jezi nzuri kuliko zote walizovaa tangu nianze kuwashabikia enzi za Kanu, yule Mnigeria. Imebuniwa kwa kushirikiana na Labrum, lebo ya London ya Foday Dumbuya, mzaliwa wa Sierra Leone, ambaye nguo zake hutembea na kauli kwamba zimebuniwa na mhamiaji. Weusi, wekundu na ukijani, rangi za bendera ya Pan-Afrika, na nakshi za zigzaga. Nembo ile kubwa ya ngao hawakuiweka, wameweka ule mzinga wa kivita, alama ya klabu, peke yake. Msimu ule hata jezi nyekundu ya nyumbani ilikuwa na mzinga tu, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwisho wa miaka ya 1980. Mzinga mtupu kifuani unapendeza sana. Ngao ina mambo mengi, na mambo mengi kifuani yanagombana na maandishi ya mdhamini, shirika la ndege la Emirates, ambayo yapo tangu 2006 na hayaondoki leo wala kesho.

Jirani yangu muuza vocha, wa Chelsea huyo, alisema nyeusi ni rangi ya msiba. Nikamwambia kwenu kila msimu ni msiba, mngevaa tu.

Watu wazima wanaikumbuka ile ya njano ya ugenini ya 1991 hadi 1993, yenye michirizi ya weusi, Waingereza waliyoipa jina la ndizi iliyopondeka. Wakati inatoka wengi waliicheka. Leo ile ya asili, yenye JVC, mdhamini wa wakati ule, kifuani, inatafutwa kwa hela ndefu, na adidas, watengenezaji wa jezi hizi, waliporudi Arsenal mwaka 2019 kitu cha kwanza walichofanya ni kuirudisha kwa sura mpya kama jezi ya ugenini. Kwa hiyo sitashangaa hii nyeusi ikifika huko. Ila ile haikuwahi kudai kwamba imeshonwa kwa heshima ya mtu yeyote. Hii inadai. Klabu ilipoizindua ilisema wazi kwamba ni ya kuenzi Waafrika waliochangia Arsenal, wachezaji na mashabiki. Kikosi kile cha 2003/04 kilichomaliza ligi bila kufungwa kilikuwa na Lauren, Kolo Touré na Kanu, kwa hiyo heshima yenyewe wanastahili watu. Tatizo langu liko kwenye mashabiki. Unamuenzi shabiki wa Tandika kwa jezi ambayo hawezi kuinunua? Hela ya jezi moja hiyo, ukiipeleka kwenye jezi halisi za Simba au Yanga, unavalisha familia nzima na hela ya daladala ya kwenda Lupaso, Uwanja wa Mkapa, inabaki. Kwa jezi inayosema ni ya Afrika, nilitegemea kuwe na mpango wa kuiuza Afrika kwa bei ya Afrika.

Na si sisi tu tunaolia. Mwaka huohuo wa 2024 jezi ya timu ya taifa ya England iliuzwa pauni 124.99 kwa ile ya kiwango cha wachezaji, na Waingereza wenyewe wakachachamaa. Keir Starmer, kabla hajawa waziri mkuu, alitoka hadharani kusema bei ishushwe.

Sasa kinachotokea huku bei ikiwa vile kila mtu anakijua. Nilikwenda Kariakoo nikanunua kopi ya jezi hiyohiyo, makusudi kabisa, ili niziweke meza moja. Muuzaji alianza na 35,000. "Dada, hii ni OG, orijino kabisa, ukiivaa London hawakutofautishi." Nikamwonyesha uzi unaoning'inia kwenye pindo. Tukaelewana 22,000.

Nilivyozilaza pamoja, kitambaa ndicho kilichoongea kwanza. Ya adidas ni polista nyepesi yenye vitundu vidogo, ukiivuta inarudi mahali pake. Ya Kariakoo nayo ni polista, lakini ukiivuta kwenye ukosi inabaki imelegea. Mshono wa bega kwenye OG umelala, ukipitisha kidole huusikii. Kwenye kopi wamepiga ovaloki ya haraka na bega la kushoto limezidi la kulia kwa upana wa kidole kimoja, kosa ambalo mwanafunzi wangu akilifanya anafumua. Mzinga wa kopi umedariziwa na nyuma yake wameacha kitambaa kigumu kinachokwaruza ngozi, ukivaa bila fulana ndani utajikuna mpaka dakika ya 90. Kijani chake nacho ni kikali mno, kile cha mabango ya kampeni. Baada ya kufuliwa mara chache maandishi ya mdhamini yakaanza kupasuka herufi kwa herufi.

Lakini nitasema haki. Ni 22,000. Ukisimama nayo kibanda umiza, gizani, macho yote kwenye skrini, hakuna atakayekuja kukupima bega. Mimi kama fundi ninayejua kitambaa, uzi na kuprinti vinagharimu nini, nikikushonea jezi ya timu ya mtaani nakutoza chini ya 20,000 na ninapata changu. Kwa hiyo usiniambie pauni 80 ni kitambaa. Ni mdhamini, ni haki za nembo, ni mishahara ya wachezaji, na ni kujua kwamba shabiki hana pa kukimbilia, hawezi kuhamia Tottenham kwa sababu ya bei ya jezi. Na kila msimu zinatoka tatu mpya, ya nyumbani, ya ugenini na ile ya tatu.

Tofauti ya zile mbili za OG watu wengi huku hawaijui, na wanatapeliwa nayo. Ya mashabiki kwa kawaida nembo imeshonwa na mwili umeachwa na nafasi. Ya wachezaji nembo hubandikwa kwa joto ili iwe nyepesi, na mkato umebana kifua na tumbo. Usihangaike na ya wachezaji. Imekatwa kwa mtu anayekimbia kilomita kumi kila mechi, wewe unakula chipsi mayai. Nimeshaletewa kadhaa kupanua ubavuni, na kitambaa kile kupanua ni kazi, ukikiongezea kipande cha aina nyingine kinakunja. Akina dada wenzangu, ule mkato wa kike unabana kiuno halafu unaishia juu ya nyonga. Kwa maumbile yetu unapanda ukikaa. Nilimwambia yule mtoto wa dada aniletee ya kiume, M, inashuka vizuri hata juu ya dera au jinzi.

Joto: ndiyo, ni nyeusi, na Dar ni Dar. Saa nane mchana barabarani utaijua. Jioni haina shida, na kwa kuwa mechi nyingi za kule huku ni jioni na usiku, sikuiona kama kasoro. Kufua ni maji baridi, ndani nje, anika kivulini, na pasi usiipitishe juu ya maandishi hata kama umeweka kitambaa.

Kama huna wa kukuletea na hutaki kopi, subira. Jezi za misimu iliyopita zinafika soko la Karume kwenye mtumba, OG kabisa, nyingine na jina la mtoto wa mtu mgongoni. Nenda asubuhi balo linapofunguliwa, geuza ndani nje, angalia makwapa na ukosi kwanza. Hizo ninazikubali kuliko kitu chochote kipya cha dukani.

Bado mkono wa kushoto. Pale pameandikwa Visit Rwanda, tangazo la utalii wa Rwanda lililokuwepo tangu 2018. Wengine wanajivunia kuona jirani yetu mkononi mwa Arsenal. Wengine hawataki kuliona, hasa baada ya vita vya Goma, Kongo, mwanzoni mwa 2025, ambako Rwanda ilishutumiwa kuwasaidia waasi, pale waziri wa mambo ya nje wa Kongo alipoziandikia Arsenal, Bayern na PSG akizitaka ziachane na mkataba huo. Kuna mashabiki London walitengeneza vitambaa vya kufunika maneno hayo na kuvigawa nje ya uwanja. Novemba 2025 klabu ikatangaza kwamba mkataba unaisha Juni 2026.

Nina mteja Mkongomani, fundi simu, aliniletea jezi hiihii na kuniambia, "Mama, toa hayo maandishi." Nikamweleza kwamba hayajashonwa, yamebandikwa kwa joto, ukiyabandua yanaacha alama na pengine kutoboa kitambaa. Tukakubaliana nikate kipande cheusi cha polista, nikikunje kingo, nikishone juu yake kwa mkono, uzi mweusi, mishono midogo isiyoonekana. Nilimtoza 3,000. Amewaleta wenzake wawili, mmoja akataka kipande kiwe chekundu kiendane na rangi za jezi, na kusema kweli hicho chekundu kimetoka vizuri zaidi. Mwenye kutaka aje na jezi ikiwa imefuliwa, Jumapili sifungui.