Uzoefu wangu: stepa na servo kwenye mashine ndogo ya CNC, Tabora

Mzee mmoja mfuga nyuki wa Sikonge aliniagiza kalibu ya aluminiamu ya kumwagia nta: duara, katikati nyuki aliyetanua mabawa. Mashine yangu ya CNC, yaani inayochonga kwa amri za kompyuta, ilichonga kwa muda wa saa mbili na nusu. Ilipomaliza nikapuliza chengachenga, nikakuta kichwa kipo, mabawa yapo, ila kiwiliwili kimesogea pembeni kama mtu aliyeteguka nyonga. Mzee alipokuja aliigeuzageuza mkononi, akacheka, kisha akauliza, "Fundi, huyu nyuki wangu kapatwa na nini?"

Nikachukua venia, nikapima. Kiwiliwili kilikuwa kimehama milimita 1.4 kwenye mhimili wa X. Meza yangu inasogezwa na stepa, mota inayozunguka hatua kwa hatua kila ikipata pulsi, yaani mdundo mfupi wa umeme. Stepa ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko, na ikizidiwa nguvu inaruka hatua nne kwa mkupuo, au nane, au kumi na mbili. Skrubu yangu ya goroli inasogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, kwa hiyo hatua nne ni milimita 0.1, na 1.4 ni mafungu kumi na manne kamili. Ingekuwa 1.37 ningeanza kukagua kapulingi, kiungo cha mota na skrubu, kama imelegea. Mota ilikuwa imeruka, basi, na haikumwambia mtu. Kompyuta iliendelea kutuma pulsi ikiamini meza iko pale inapodhani.

Nilikasirika, nikaamua kuhamia servo, mota inayofuatilia mwendo wake na kujirekebisha. Kila fundi unayemuuliza atakwambia servo ndiyo mota ya kiume, stepa ni za printa. Rafiki yangu wa Dar alikuwa na servo ya wati 400 iliyotolewa kwenye mashine ya kufungashia, akaniazima pamoja na draiva yake, kifaa kinachoilisha mota umeme kufuata amri, ikaja kwa basi ndani ya boksi la biskuti. Nilikaa nayo wiki tatu.

Nianze na sifa zake, maana anazo. Ukiisimamisha inatulia kimya. Stepa zangu hukoroma hata meza ikiwa haitembei, na dada mshona nguo wa chumba cha pili alishazichoka. Servo haichemki bila sababu, kwa kuwa inavuta umeme kulingana na kazi. Kubwa zaidi, ina enkoda mgongoni, kifaa kinachosoma mota imezunguka kiasi gani: ikibaki nyuma ya amri kupita kiasi ulichopanga, draiva inawasha alamu na mashine inasimama. Nyuki wangu angeharibika, lakini ningejua dakika ileile.

Sasa upande wa pili. Servo ya wati 400 inatoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya kudumu ya nyutonimita 1.27, na inatoa hiyo hadi mizunguko 3000 kwa dakika. Stepa yangu yenye uso wa milimita 57 ina nyutonimita 3 ikiwa imesimama, na ikienda polepole bado inabaki na sehemu kubwa ya hizo. Mizunguko 3000 kwa skrubu yangu ni mita 15 kwa dakika. Meza yangu ina urefu wa sentimita 40, niende wapi na mita 15? Mwendo wangu wa kukata aluminiamu ni milimita mia tano, mia sita kwa dakika. Nguvu ya servo iko huko juu ambako mimi sifiki. Ili niipate huku chini inabidi nifunge puli na mkanda wa kupunguza mwendo, na huo ni mradi mwingine.

Halafu kuna kuipanga. Ukiipa ukali mdogo wa kufuata amri inalegea na duara linatoka yai. Ukizidisha inatetemeka na kuvuma kama mzinga uliopigwa teke. Siku nne zilipotea hapo. Na jioni, watu wakishawasha majiko na pasi, volti mtaani kwetu zinashuka chini ya 170, draiva inagoma kwa alamu ya umeme mdogo. Stepa zinalishwa na pawasaplai yake, kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo, wala hazikujua kama kuna tatizo.

Bei sitaizungusha: kwa pesa ya servo moja na draiva yake, nilihesabu ningepata stepa tatu na draiva zake, na nauli ya mzigo kutoka Kariakoo ikabaki.

Kilichoniuma ni kugundua kwamba kosa lilikuwa langu. Stepa nilikuwa nazilisha volti 24, kwa sababu ndiyo pawasaplai niliyokuwa nayo. Koili ya mota haipokei umeme papo hapo, inahitaji muda ujae. Mota ikikimbia, muda unakuwa mfupi, koili haijai, torki inaporomoka. Volti kubwa zinausukuma umeme uingie haraka. Mafundi wana kanuni: 32 mara kipeuo cha pili cha milihenri za koili (kipimo cha jinsi koili inavyochelewesha umeme kujaa), hicho ndicho kikomo cha volti. Zangu zina 3.8, inatoka kama volti 62. Draiva zangu mwisho wake ni 50, kwa hiyo nilinunua pawasaplai ya 48 na kuishusha kwa kiskrubu chake hadi 44, maana meza ikifunga breki mota inarudisha umeme kidogo na sitaki kuunguza kitu. Nikapunguza pia ukali wa kuondoka na kusimama. Tangu hapo X na Y hazijaruka hata mara moja, na nimechonga mninga, aluminiamu na shaba.

Ukibadilisha, zima umeme kabisa kabla ya kuchomoa waya wa mota. Nilichomoa moja ikiwa hai, draiva ikafa palepale.

Mhimili wa Z, ule wa kupanda na kushuka, ndio niliouwekea stepa yenye enkoda, ile inayouzwa kama servo ya bei nafuu. Ni stepa ileile, ila ikipoteza hatua inajirekebisha, na ikishindwa inatoa alamu. Huko ndiko pesa ya ziada inakolipa, kwa sababu Z inabeba kichwa chote na spindo, mota inayozungusha biti. Jambo moja halikutatuliwa na mota yoyote: skrubu ya goroli haijifungi yenyewe. Umeme ulipokatika kichwa kilishuka taratibu mpaka biti ikavunjikia ndani ya kazi. Mota zenye breki zipo, bei nyingine. Mimi nilienda gereji nikanunua shoki mbili za gesi za kuinulia buti ya gari, nikazifunga pande zote mbili. Sasa umeme ukikatika kichwa kinabaki palepale kilipokuwa.