Duka la dawa za asili sokoni Mtwara, nyota nne

Kwa mnaoulizaga dawa za asili Mtwara mjini zinapatikana wapi, kuna kaduka pale sokoni upande wa wauza viungo, mimi ndo nanunulia pale. Nyota nne nimezitoa kwa ajili ya yule mzee muuzaji kuliko dawa zenyewe, maana mlonge na unga wa mwarobaini utapata popote. Huyu kabla hajagusa kopo anakuuliza una presha? Una sukari? Hospitali wamekupa nini?

Nilienda na mama mdogo, ana sukari, anameza metformini na glibenklamaidi, alikuwa anautaka mlonge kasikia unashusha sukari. Mzee akamwambia, mama yangu, mlonge unaweza kushusha sukari na hivyo vidonge navyo vinashusha, ukivipiga pamoja sukari inaweza kudondoka ukaanguka huko njiani, kamuulize daktari wako kwanza ndo urudi. Hakumuuzia! Tukaondoka na mchaichai wa chai tu, na huku nyuma anamsisitiza vidonge usiache mama. Wauzaji wangapi wanakataa hela?

Maana huku kwetu hali tunaijua. Mtu dawa ya presha anameza siku kichwa kinauma, kikitulia anazitupia kabatini, wakati presha mara nyingi haina dalili yoyote na inaendelea kuharibu figo na moyo. Halafu msimu wa korosho hela ikiwepo wanapita wale wa spika kwenye pikipiki na chupa yao ya kutibu kila kitu, jirani yetu aliambiwa na mmoja wao vile vidonge tupa, akatupa kweli, sasa hivi kapooza upande mmoja na inaniuma sana kumuona vile. Si tuliona 2011 kikombe cha Loliondo, ile dawa ya Babu ya kunywa kwa shilingi 500 iliyosemwa inatibu kila ugonjwa sugu, wapo walioacha mpaka ARV, vidonge vya virusi vya UKIMWI. Na ukienda kliniki unaficha kwamba unatumia mitishamba unaogopa kufokewa, daktari anaona presha haishuki anakuongezea dozi kumbe hata ile ya kwanza humezi, manesi naombeni mtuulize kwa upole tutasema.

Nyota moja nimeikata kwenye vifungashio. Unga unawekwa kwenye chupa za maji zilizotumika, hazina jina wala tarehe, unaambiwa tu kijiko kimoja asubuhi, sasa cha chai au cha kulia wali? Asali yao ya kitunguu saumu pia ingeandikwa kabisa kwamba anayetumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse bila kumwambia daktari wake, kwa sababu kitunguu saumu kingi kinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Mzee anayasema haya kwa mdomo, ila asipokuwepo yule kijana wake anapima tu na kupokea hela.

Bei ni za kawaida na wanapunguza. Cheti cha Baraza la Tiba Asili kipo ukutani. Mkienda bebeni vidonge vyenu na kadi ya kliniki, mzee anapenda kusoma majina mwenyewe, na Ijumaa msiende mchana wanafunga wanaenda kuswali.