Fushimi Inari, Kyoto: usiishie chini

Hekalu hili la Shinto, dini ya jadi ya Japani, halina kiingilio, na liko wazi usiku na mchana. Kutoka stesheni ya Kyoto panda treni ya kawaida ya njia ya JR Nara, ushuke Inari. Ile ya haraka haisimami hapo. Lilianzishwa mwaka 711, likateketea katika vita vya Onin, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 15. Jengo kuu la sasa ni la 1499. Wageni wengi hurundikana kwenye malango mekundu ya chini, wakapiga picha na kurudi. Hasara tupu! Panda mlima hadi njia panda ya Yotsutsuji, kuna nafasi na mandhari ya mji. Wakati wa kushuka angalia nguzo za malango: majina ya wafadhili na tarehe yameandikwa upande wa nyuma. Mbao huozea shinani kwa unyevu, ndiyo maana utakuta malango mapya kabisa kando ya yaliyochakaa. Tenga saa mbili hadi tatu kwa mzunguko mzima.