Vyeti vya asili ya jina la ukoo: vipime kwanza kwa Farmer na Walker

Huduma za mtandaoni zinazouza vyeti vya asili ya jina la ukoo zinafanana mno. Unaandika jina, unalipa, unapakua karatasi yenye aya mbili za maelezo na nembo ya ngao juu yake. Kwa majina ya kazi yaliyo mepesi hazina tatizo. Ukiweka Smith utaambiwa ni mhunzi, na iliyo makini itakutajia na wenzake: Schmidt wa Wajerumani, Lefebvre wa Wafaransa, Kovács wa Wahungaria, Haddad wa Waarabu. Sawa, ila hayo yamo kwenye kamusi yoyote ya majina.

Jaribu Farmer. Ukijibiwa "mkulima", funga ukurasa. Jina hilo lilipoanza, farmer alikuwa mtu aliyelipa kiasi maalumu kwa mkupuo ili apewe haki ya kukusanya kodi au ushuru, na kilichozidi kikawa chake. Maana ya mkulima ilikuja baadaye. Coward nalo halihusiani na woga: ni mchunga ng'ombe.

Walker ndilo kipimo kizuri zaidi. Sufu iliyotoka kufumwa huwa na mafuta na nyuzi zake zimeachana. Ililowekwa kwenye pipa, mara nyingi pamoja na mkojo uliochacha, ikakanyagwa kwa miguu mpaka ikasinyaa na kushikana. Aliyeifanya kazi hiyo aliitwa Walker kaskazini mwa Uingereza, Fuller kusini-mashariki, na Tucker kusini-magharibi. Kwa hiyo jina linakupa kazi na pia linakudokezea eneo. Cheti kinachoandika "mtembeaji" tu kimekunyima nusu ya ulicholipia.

Kasoro kubwa ya vyeti hivi ni tarehe: havikuambii jina lilianza kurithiwa lini. Uingereza ya karne ya 13 na 14, mtoto wa Baker aliyejifunza useremala aliweza kuitwa Carpenter. Majina yaliganda polepole, familia moja baada ya nyingine. Uturuki, sheria ya 1934 ilimtaka kila raia awe na jina la ukoo, na wengi walijichagulia. Anayeitwa Demirci, yaani mhunzi, si lazima awe na babu aliyewahi kushika nyundo.

Basi kabla ya kulipa, omba sampuli na utafute tahajia ya zamani yenye mwaka na mahali. Kwa majina ya Kiingereza, orodha za kodi ya kichwa za 1377, 1379 na 1381 ndizo za kutazamia. Ile ya 1379 ina utamu wake, kwa kuwa mara nyingi inaandika na kazi ya mlipaji: humo yumo mtu ambaye jina linasema hivi na kazi yake ni nyingine.

Nembo ndiyo sehemu mbovu kuliko zote. College of Arms ya London, taasisi rasmi ya mambo ya nembo iliyoanzishwa 1484, inasema wazi kwamba hakuna nembo ya jina la ukoo. Nembo hupewa mtu mmoja na kurithiwa na uzao wake. Mwenye jina hilohilo asiye wa uzao huo hana haki nayo.

Kama ni zawadi ya kutundika ukutani, chukua toleo lisilo na ngao. Kama unatafuta ukoo wako, hela hiyo agizia nakala ya cheti cha kuzaliwa cha babu, uanzie hapo kurudi nyuma.