Miezi 18 na mashine ya dizeli bwawani Mtera: uzoefu wangu

Mashine yangu ya kwanza ya boti ilikuwa ya petroli, nguvu farasi 25, ile ya kuchanganya na oili. Niliyo nayo sasa ni ya dizeli, nguvu karibu ileile, mtumba kutoka Japani, na mwezi huu inatimiza miezi 18 tezini, yaani nyuma ya boti yangu. Kazi yangu ni kukusanya samaki kwenye kambi za wavuvi ndani ya bwawa la Mtera, perege na kambale, nawaleta mwaloni, pale boti zinapofikia nchi kavu, kisha wanapakiwa kuja Dodoma mjini. Kwa hiyo ninachosema hapa kinahusu boti ya mbao ya mzigo, inayotembea karibu kila siku kwenye maji yasiyo na chumvi.

Kilichonivuta ni mafuta, na kwenye mafuta sikudanganywa. Mzunguko wangu wa kambi zote kwa mashine ya zamani ulikula lita 20 za petroli. Mzunguko uleule sasa unakula lita 12 za dizeli, na siku ya mzigo mzito zinafika 13. Hapo bado oili. Ile ya petroli ilitaka lita 1 ya oili kwa kila lita 50 za petroli, na yote inaungua na kuishia kwenye moshi na maji. Ya dizeli oili yake inakaa ndani kama ya gari. Mimi naibadilisha kila baada ya saa 100. EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, wakitangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, kuna miezi dizeli inaipita petroli, lakini hata miezi hiyo hesabu yangu haijawahi kurudi kule nilikotoka. Fundi wangu alinieleza kwa njia niliyoielewa: mashine ya zamani ilikuwa inatema sehemu ya petroli ikiwa mbichi pamoja na moshi, wakati dizeli inabana hewa mpaka inapata joto la kuwasha mafuta bila plagi, na haipotezi kitu njiani.

Jambo la pili nililifurahia kuliko nilivyotarajia. Mwaloni kuna majiko ya mkaa kila upande, watu wanakaanga samaki, na miaka ile ya petroli nilikuwa naamka usiku nikiwaza yale madumu. Siku moja kijana alikuwa anamimina petroli hatua chache tu kutoka kwenye jiko, upepo ukageuka. Haikuwaka, namshukuru Mungu, ila mikono yangu ilitetemeka mpaka jioni. Mvuke wa petroli unashika moto hata hali ya hewa ikiwa ya baridi. Dizeli mpaka ipashwe joto la nyuzi 50 na kitu. Ndiyo sababu moja meli na majeshi ya nchi za NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, hayapendi kubeba petroli chomboni. Mashine kubwa mpya za dizeli za kufunga tezini, kama Cox ya Uingereza yenye nguvu farasi 300 na OXE ya Sweden, zimenunuliwa na wanajeshi, walinzi wa pwani na waokoaji. Kwa bwawa letu hizo ni kubwa mno. Saizi zetu, za nguvu farasi 27 na 36, Yanmar wa Japani walikuwa wanazitengeneza na wakaacha. Ndiyo maana anayetafuta dizeli ndogo leo mara nyingi anaishia kwenye mtumba.

Mafundi sasa. Kanda hii ya kati imejaa mafundi wa dizeli. Kila kijiji chenye mashine ya kusaga kina mtu anayejua kutoa upepo kwenye mfumo wa mafuta, na mjini kuna mafundi wa matrekta na malori wanaopima pampu na nozeli, zile zinazopuliza mafuta ndani ya mashine. Nozeli zangu zilipoanza kuvuja niliziweka kwenye mfuko nikapanda nazo basi, jioni nikarudi nazo zimepona. Raha hiyo inaishia kwenye kichwa cha mashine. Ukishuka mguuni, sehemu inayozama majini, kwenye gia, sili za kuzuia maji yasiingie na impela inayosukuma maji ya kupoozea mashine, fundi wa trekta anakutazama tu. Impela yangu ilipochanika nilisubiri siku 19 ije kutoka Dar es Salaam, na siku zote 19 nilikodi boti ya mtu. Tangu hapo naweka impela mbili za akiba ndani ya nyumba.

Lakini nimeandika haya hasa kwa ajili ya uzito, kwa sababu kabla sijanunua hakuna aliyenieleza akaeleweka. Ile ya petroli ilikuwa na kilo 50 hivi. Kijana mmoja mwenye nguvu aliiweka begani, akapumzika mara moja, akafika. Hii tuliipandisha kwenye mizani ya magunia dukani ikasoma kilo 98.

Lingekuwa ziwa lisilohama, ningesema iache kwenye boti. Mtera inahama. Bwawa hili lilijengwa miaka ya 1970 kutunza maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu, na tangu 1988 lina mitambo yake yenyewe ya megawati 80, kwa hiyo kiangazi maji yanatumika na yanayoingia ni machache. Likijaa, uso wa maji unakuwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Mita nane na nusu kwenda chini si nyingi kwenye ukingo wa mwinuko. Kwetu huku ardhi ni tambarare, na maji yakishuka hivyo ufukwe unakwenda mbali mpaka unapunga mkono mtu asikuone. Katikati panabaki tope linalomeza goti. Oktoba yangu ya kwanza na mashine hii, nilipotaka kuitoa ili tutengeneze boti, vijana wanne waliifunga kwenye mti kama wanabeba jeneza, wakazama, tukaongeza wawili. Mmoja akaniuliza, "Mama, tukiitua hapa tutaiinua tena kweli?" Tuliitua mara 11. Mguu wa mmoja uliteguka, nikagharamia matibabu, na lile swali lake bado nalisikia.

Uzito huohuo ulifanya mengine. Tezi ilizama mpaka mawimbi ya mchana yakawa yanaingia, nikalazimika kuhamishia masanduku ya barafu omo, mbele ya boti. Ubao wa tezi ulianza kufunguka kwa mtetemo baada ya mwezi mmoja. Seremala akaongeza mbao mbili za mninga na boliti ndefu, na hata sasa kila Jumatatu nakaza nati. Halafu visiki. Wanaoijua Mtera wanaijua miti mikavu iliyobaki majini tangu bonde lilipofunikwa, na mingine imejificha chini ya maji tu. Mashine nyepesi ikigonga kisiki unaiinua kwa mkono mmoja. Hii inahitaji watu wawili, na mawimbi hayasubiri. Nimeshabadilisha propela mara tatu.

Faida moja ya uzito ipo, nisiseme uongo: wizi. Mashine za petroli hapa zinaibiwa usiku, mwenyewe anaamka anakuta boliti tu. Yangu haijaguswa.

Kuna dosari ndogo mbili nisizoweza kuziacha. Juni na Julai asubuhi baridi ya huku inauma, na bila betri nzima mashine haikubali. Kuvuta kwa kamba unaweza kujaribu, lakini ule mgandamizo ni wa mwanamume mwenye kifua. Nyingine ni harufu. Petroli ikimwagika inaruka, baada ya nusu saa imesahaulika. Dizeli inakaa. Bomba la mafuta lilichuruzika usiku mmoja, maji ya chini ya boti yakafika kwenye masanduku mawili ya perege, na mteja wangu wa mjini alifungua, akanusa, akafunga. Samaki wazuri kabisa, wamevuliwa alfajiri ileile, nikawafukia. Sasa bomba ni jipya, kuna trei chini ya tenki, na masanduku hayakai tezini kamwe.

Ukiniuliza kama ningenunua tena: kwa boti hii kubwa, inayozunguka saa nyingi na kulala majini na mlinzi, ndiyo. Mdogo wangu anavua kwa mtumbwi na kila jioni anarudi na mashine nyumbani begani. Yeye nilimkatalia kabisa, nikamchangia ya petroli ya nguvu farasi 15, ambayo haifiki kilo 40.

Anayekwenda kununua ya mtumba afike bila kutoa taarifa ya saa. Mimi nilipiga simu kwanza, nikakuta mashine inanguruma vizuri, kumbe ilikuwa imeshawashwa na kupashwa moto. Weka kiganja kwenye bloku kabla ya kitu chochote. Ikiwa ya moto, kanywe chai urudi baada ya muda wa saa tatu, ndipo iwashwe mbele yako ikiwa baridi. Angalia moshi: mweusi kidogo ukikanyaga mafuta si neno, mweupe usioisha baada ya dakika chache ni nozeli au mgandamizo uliochoka. Legeza boliti ya chini ya gia, utoe oili kidogo kidoleni. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameshaingia mguuni, na hapo sili na impela zake uziulize bei kabla ya kuuliza bei ya mashine.