Aliniuzia risasi za koyote, mimi naenda kuwinda kulungu

Nilitaka kuandika kwamba .243, aina ya risasi na bunduki inayoitumia, haifai kitu. Nilikuwa nimeshaamua hivyo tangu usiku ule tuliorudi mikono mitupu kutoka milima ya kaskazini ya Pennsylvania, huku Marekani. Sasa sina hakika tena kama kosa ni la risasi. Kuhusu yule kijana wa kaunta, sina shaka hata chembe.

Msimu ulikuwa umekaribia, zile siku za Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, ambapo huku kazini kila mtu anaomba ruhusa aende porini. Nikaingia duka la bunduki, nikamwambia wazi: nina .243, naenda kuwinda kulungu, nipe boksi moja. Akalitoa macho yakiwa kwenye simu. Nikamuuliza, hizi ni za kulungu? Akajibu, ".243 ni .243." Nikalipa, nikaondoka.

Si kweli! Risasi hii ilipotoka mwaka 1955 ilikusudiwa kazi mbili. Kuna kichwa, yaani kile kinachoruka, chepesi, greni 55 au 58 (greni ni kipimo cha uzito wake), cha wanyama wadogo kama koyote, anayefanana na mbweha. Na kuna kizito, greni 95 hadi 100, cha kulungu. Ganda ni lile lile, bunduki ile ile. Kile chepesi kimetengenezwa kipasuke mara tu kinapogusa nyama. Ukimpiga nacho kulungu kwenye mfupa wa bega, kinasambaratika hapo hapo: jeraha bichi, pana, lisilofika moyoni.

Ndivyo ilivyokuwa. Dume zuri, ubavu wazi, hata mita 80 hazifiki. Nikapiga Bismillahi, nikafyatua. Akapiga magoti, akainuka, akaondoka. Mimi na jirani yangu, mzee aliyewinda milima hiyo maisha yake yote, tukafuata damu mpaka giza likaingia, tukaendelea na tochi, theluji ikaanza kudondoka ikafukia alama zote. Nimelelewa kwamba mnyama ukishamjeruhi unamfuata mpaka umchinje. Kisu kilikuwa kiunoni na sikukichomoa. Yule mnyama alikwenda kufia mahali, kwa maumivu, na nyama yake haikumlisha mtu. Hilo linaniuma hadi leo kuliko pesa yoyote.

Kwenye gari ndipo mzee alipoligeuza boksi chini ya taa, akasoma ubavuni: greni 58. Hakusema kitu. Akanirudishia tu.

Nilirudi dukani nikitaka japo neno la pole. Mbele ya wateja wengine, kijana yule akaniambia nikajifunze kulenga. Kulenga! Babu yangu kule Handeni alikuwa na gobore, anashindilia baruti na vyuma kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiyo alijua kila alichokitia ndani ya mtutu. Sisi wa risasi za boksi hatujui kilichomo mpaka tusome, na tukimuuliza muuzaji tunaamini anachosema. Kama hajui, aseme hajui.

Baada ya hapo nikaazima .30-06 ya mzee. Ni risasi ya mwaka 1906, ile ile ambayo Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuja nayo kuwinda Kenya mwaka 1909, na kwa kulungu ina nguvu ya kutosha na kubaki. Lakini ukiifyatua, bunduki inakupiga begani vibaya. Kufikia risasi ya tano nilikuwa nafumba macho kabla ya kufyatua, na mtu anayefumba macho atajeruhi wanyama kuliko hata yule mwenye risasi isiyofaa. Risasi nyingine, .308, ni pole kidogo, na ndiyo mama wa .243, maana ganda lake ndilo lililobanwa shingo likapatikana hili dogo.

Msimu uliofuata nikarudi kwenye .243 yangu, safari hii greni 100, boksi nimelisoma mwenyewe pande zote. Jike mmoja, hatua kama thelathini, akalala. Nilimkuta bado anahema, nikamchinja, namshukuru Mungu. Kwa hiyo naipa .243 alama nzuri. Haimtishi anayejifunza, na inalenga vizuri ajabu.

Ila mke wangu sasa anataka kuwinda, na nikikumbuka ule mlima usiku ule, siwezi kumwambia anunue .243. Siku moja atakwenda dukani peke yake akutane na kijana kama yule. Kwake nitachukua .30-30, ya zamani kweli, ya 1895, haifiki mbali, lakini msituni huku hakuna anayepiga mbali, na karibu kila boksi lake dukani ni la kulungu. Nayo ile .243 nibaki nayo mimi. Au niiuze. Lile boksi la greni 58 bado liko kabatini na risasi zake 19, na kila nikiliona hasira inanipanda upya.